Kutumia vumbi la silika katika zege la majengo ya pwani: hatua kwa hatua

Yeyote aliyetembea chini ya gati la zamani, au aliyeinua macho kutazama baraza ya nyumba iliyojengwa karibu na mawimbi, ameiona hali hii: zege limevimba, limepasuka kwa mistari mirefu, vipande vimedondoka, na nondo zimebaki wazi zikiwa na kutu nyekundu. Mara nyingi zege hilo halikukosa nguvu ya kubeba mzigo. Lilichokosa ni ubanifu, yaani lilikuwa na vinjia vidogo vingi ambavyo chumvi ya bahari ilipita polepole, mwaka baada ya mwaka, hadi ikafika kwenye chuma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na kwa kuwa haina mahali pa kwenda, hulisukuma zege la juu mpaka likabanduka. Vumbi la silika ni miongoni mwa vitu vichache vinavyoweza kuviziba vinjia hivyo kwa uhakika, na mwongozo huu unaeleza namna ya kulitumia katika zege linalochanganywa eneo la ujenzi. Niseme mapema kwamba vumbi hili halisamehe uzembe. Zege lililotiwa silika kisha likaachwa bila kumwagiliwa hupasuka usoni zaidi kuliko zege la kawaida lililotunzwa vizuri, na mwenye mali huwa amelipa zaidi ili kupata kazi mbaya zaidi.

Kitu chenyewe ni nini

Vumbi la silika, ambalo wauzaji wengi huliita maikrosilika, halichimbwi wala halisagwi, hunaswa. Katika tanuri za umeme zinazoyeyusha mawe ya kwazi pamoja na makaa ili kupata silikoni au ferosilikoni, hupanda mvuke ambao ukikutana na hewa hugeuka kuwa vitufe vidogo mno vya silika isiyo na umbo la fuwele. Zamani vitufe hivyo vilitoka nje kupitia bomba la moshi. Nchini Norwe, ambako tanuri za aina hiyo ni nyingi, mtafiti Bernhardt alichapisha majaribio ya kulitia vumbi hilo kwenye zege tangu 1952, lakini biashara yake ilianza kukua katika miaka ya 1970, pale sheria za mazingira zilipowalazimisha wenye viwanda kufunga vichujio na ghafla wakajikuta na milima ya vumbi wasiyojua pa kuipeleka.

Punje moja ina upana wa wastani wa sehemu 0.1 hadi 0.2 ya mikromita, yaani karibu mara 100 ndogo kuliko punje ya saruji. Udogo huo ndio unaofanya kazi ya kwanza: vitufe hujipenyeza katikati ya punje za saruji na kujaza nafasi ambazo vinginevyo zingebaki na maji. Kazi ya pili ni ya kikemia. Saruji inapokutana na maji huzaa gundi inayoshika zege, lakini huzaa pia chokaa, ambayo haina nguvu na hupenda kukusanyika kuzunguka kokoto. Silika huila chokaa hiyo na kuigeuza kuwa gundi zaidi, kwa hiyo pale kokoto inapogusana na saruji, ambapo kwa kawaida ndipo palipo dhaifu, hupata kuwa pagumu.

Hatua ya kwanza: jiulize kama unalihitaji

Kwa nyumba ya kawaida ya ghorofa moja au mbili iliyo mbali na bahari, jibu ni hapana, na sitalizungusha. Fedha hizo zipelekwe kwenye kokoto safi, mchanga usio na udongo na kibarua wa kumwagilia maji kwa siku 7. Silika inastahili pale ambapo zege hulowa maji ya chumvi na kukauka kwa zamu, kama vile nguzo za gati, kuta za kuzuia mawimbi na sehemu za chini za madaraja ya mdomo wa mto. Pale penye maji taka au udongo wenye salfeti. Pale ambapo zege husuguliwa na mawe na maji ya kasi. Na pale mhandisi anapotaka nguvu inayozidi megapaskali 60. Mfano unaotajwa sana wa msuguano ni bwawa la Kinzua katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Sakafu ya bonde linalopokea maji yaporomokayo ilikuwa ikichimbwa na mawe, na mwaka 1983 ilikarabatiwa kwa zege la silika.

Usitie silika ili kufidia unene mdogo wa zege juu ya nondo. Eurocode 2, yaani kanuni ya Ulaya ya kusanifu majengo ya zege, kwa jengo la kawaida la miaka 50 lililo katika eneo la kujaa na kupwa kwa maji, hutaka zege lisilopungua milimita 45 juu ya nondo, na juu yake posho ya milimita 10 kwa makosa ya fundi. Hakuna unga wowote unaoweza kuokoa nondo iliyolazwa milimita 15 kutoka juu kwa sababu vipande vya kuishikilia havikuwekwa.

Hatua ya pili: nunua kitu sahihi

Kwanza jihadhari na jina. Ukiingia dukani ukauliza "silika" unaweza kupewa mchanga wa silika wa kuchujia maji ya bwawa la kuogelea, au unga wa kwazi uliosagwa. Vyote viwili ni silika ya fuwele, havifanyi kazi ya kikemia tuliyoieleza, na vumbi lake lina hatari ya kuharibu mapafu. Mfuko unaoutafuta uwe umeandikwa kwamba unafuata kiwango cha Marekani cha ASTM C1240 au cha Ulaya cha EN 13263 daraja la 1, ambavyo vyote hutaka silika isiyopungua asilimia 85. Unga huwa wa kijivu, kuanzia kijivu chepesi hadi kinachokaribia weusi, kwa sababu ya mabaki ya makaa. Mwarifu mteja tangu mwanzo kwamba zege lake litakuwa jeusi kidogo, maana nimeshaona mabishano makubwa kuhusu rangi kuliko kuhusu nguvu.

Unga huuzwa ama ukiwa laini kama ulivyonaswa, ama ukiwa umeshindiliwa kwa hewa hadi ukafanya vidonge vidogo. Ule laini ni mwepesi mno, hupeperuka, na hauchukuliki kirahisi, kwa hiyo mwingi ulioko sokoni ni ule wa vidonge. Kwa zege lenye kokoto hauna tatizo, kwa kuwa kokoto zinazogongana ndani ya mashine ndizo zinazovunja vidonge hivyo. Kwa plasta au mchanganyiko wa kujengea matofali usio na kokoto, vidonge havivunjiki vyote. Hubaki kama nukta za unga ndani ya kazi. Huko tumia ule laini, au usitumie kabisa.

Saruji nayo ina neno lake. Silika inahitaji chokaa inayozalishwa na saruji, na saruji nyingi za Afrika Mashariki tayari zimechanganywa na pozolana, yaani unga wa mawe au majivu ya volkano, ambayo nayo huila chokaa hiyo hiyo. Soma herufi zilizo kwenye mfuko. CEM I 42.5, yaani saruji isiyochanganywa na pozolana, ndiyo bora kwa kazi hii. CEM II/A-P, yenye pozolana ya asilimia 6 hadi 20, inafaa endapo majaribio yataonyesha hivyo. CEM II/B-P na CEM IV za daraja la 32.5, zenye pozolana nyingi zaidi, ziache kwa kazi nyingine. Kuzitia silika ni kuwaalika wageni wengi kwenye sahani moja ya wali.

Hatua ya tatu: kadiria mchanganyiko

Kiasi cha kawaida ni asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa saruji. Chini ya 5 tofauti huwa ndogo. Juu ya 10 zege hunata kama asali, na kanuni ya Ulaya ya EN 206 haihesabu kabisa silika inayozidi asilimia 11 ya saruji. Kwa ujenzi wa pwani mimi huanzia 8. Kanuni hiyo hiyo, kwa zege lililo katika eneo la kujaa na kupwa, huweka ukomo wa uwiano wa maji kwa saruji kuwa 0.45, lakini ukishaamua kulipia silika, ni vyema kushuka hadi 0.40 au chini yake, kwa kuwa silika na maji kidogo hufanya kazi pamoja.

Huu hapa mfano wa meta moja ya ujazo, kwa mchanga na kokoto zenye uzito bainifu wa 2.65: saruji kilo 380, silika kilo 30, maji lita 156, mchanga kilo 720, kokoto kilo 1,120, na kilainishi kikali cha zege, yaani supaplastisaiza, karibu kilo 4. Uwiano wa maji kwa jumla ya saruji na silika ni 0.38. Kwa mashine ndogo inayopokea mfuko mmoja wa kilo 50, hiyo ni silika kilo 4, maji lita 20.5, mchanga kilo 95, kokoto kilo 147, na kilainishi karibu nusu kilo. Huu ni mwanzo wa majaribio tu, si mapishi ya kunakili, kwa kuwa mchanga wa mto na mchanga wa kusaga mawe hunywa maji tofauti.

Kilainishi si cha hiari. Punje ndogo kiasi hicho zina uso mkubwa mno, na zote zinataka kulowa. Bila kilainishi fundi atafungua bomba, na maji atakayoongeza yatafuta faida yote ya silika. Kwa sababu hiyo hiyo, maji yaliyofichika kwenye mchanga lazima yahesabiwe. Mchanga uliolala nje usiku wa mvua unaweza kubeba unyevu wa ziada wa asilimia 4. Katika kilo 95 hiyo ni karibu lita 4, yaani moja ya tano ya maji yote. Asiyezipunguza hugeuza 0.38 kuwa 0.45 bila kugusa bomba. Njia ya haraka ya kuupima ni kukaanga kilo moja ya mchanga kwenye sufuria hadi ukauke, kisha kuupima tena.

Vipimo viwe vya mizani, si vya karai wala ndoo. Karai moja la silika ya vidonge na karai moja la silika laini hutofautiana uzito hata mara mbili au tatu.

Hatua ya nne: jaribu kabla ya siku ya kumwaga

Changanya mzigo mmoja kwa mashine ile ile, kwa saa ile ile ya mchana, wiki kadhaa kabla, ili kyubu za siku 28, yaani vipande vya zege vya kupimia nguvu, ziwe zimevunjwa kabla ya kazi yenyewe. Pima slampu, yaani kiasi ambacho zege bichi hushuka likivuliwa chombo cha koni, mara baada ya kuchanganya, kisha tena baada ya dakika 30 na 60, kwa sababu baadhi ya vilainishi hupoteza nguvu haraka kwenye joto la pwani. Zege la silika huonekana zito kuliko lilivyo: ili lifanyike kazi sawa na zege la kawaida, slampu yake inapaswa kuzidi kwa karibu milimita 40 hadi 50. Anayezoea 100 alenge 150, naye asishangae likikaa kimya ndani ya toroli kisha likatiririka pale tu vaibreta, mashine ya kutetemesha zege, inapoingia.

Hatua ya tano: kuchanganya

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, na hakuna anayejua mpaka kyubu zivunjwe. Anza kwa kutia robo tatu ya maji na kokoto zote. Mashine ikiwa inazunguka, mimina silika polepole, si kwa kupindua mfuko, kisha iache izunguke dakika moja na nusu ili kokoto zivunje vidonge. Tia saruji, zungusha dakika nyingine moja na nusu. Sasa tia mchanga, na mwisho maji yaliyobaki pamoja na kilainishi. Kutoka hapo zungusha dakika 5, pumzisha dakika 3, zungusha tena dakika 5. Najua vibarua wamezoea dakika mbili na kelele za "mwaga!", lakini muda huu ndio ulioununua ulipoinunua silika. Mashine isijazwe kupita uwezo wake, na kuchanganya kwa beleshi chini ni marufuku kabisa kwa kazi hii.

Anayefungua mifuko avae barakoa ya kuchuja vumbi, miwani na glavu. Silika hii si ya fuwele, kwa hiyo haihesabiwi sawa na vumbi la mawe ya kwazi, lakini ni laini mno na huwasha koo na macho. Fungua mfuko chini, karibu na mdomo wa mashine, ukiwa umeupa upepo mgongo.

Hatua ya sita: kumwaga na kusawazisha

Zege la kawaida, dakika chache baada ya kumwagwa, hupandisha maji juu, na mafundi husubiri maji hayo yakauke ndipo wapige mwiko. Zege la silika halipandishi maji, au hupandisha kidogo mno usiyaone. Faida yake ni kwamba kazi ya kusawazisha inaweza kufuata mara moja. Hatari yake ni kubwa zaidi: uso hauna maji ya akiba ya kujikinga na upepo, na kama jua na upepo vinayanyonya maji kwa kasi, nyufa hujitokeza kabla zege halijashika. Kwa zege la kawaida tahadhari huanza pale upepo unapokausha kilo moja ya maji kwa kila mita mraba kwa saa. Kwa hili, wataalamu huanza kujihami kwenye nusu kilo, kiwango kinachofikiwa kirahisi mchana wa kaskazi.

Niliwahi kusimamia slabu moja kando ya bahari ambayo tulianza kuimwaga saa nne asubuhi, mwezi wa Februari, kwa sababu lori la kokoto lilichelewa. Kufikia saa nane nusu ya kwanza ilikuwa na nyufa kama udongo wa bwawa lililokauka, ilhali nusu ya pili bado ilikuwa mbichi. Zege halikuwa na kosa. Ratiba ndiyo iliyokuwa na kosa. Tangu siku hiyo humwaga kuanzia alfajiri au baada ya alasiri, huweka vizuizi vya upepo upande wa bahari, na lori likichelewa kazi huahirishwa.

Tetemesha kwa vaibreta hata kama zege linaonekana linajipanga lenyewe. Lina mnato, na hewa iliyonaswa haitoki bila kusaidiwa. Katika kusawazisha, mkataze fundi mambo mawili kwa maneno makali. La kwanza ni kunyunyizia maji juu ili mwiko uteleze, kwani hapo huharibu milimita chache za juu ambazo ndizo ngao ya nondo. La pili ni kumwaga saruji kavu juu na kupiga niru. Zege linanata kwenye mwiko, ni kweli, na mafundi hulalamika. Dawa ni mwiko safi, mkono mwepesi na kupita mara chache. Ukungu mwembamba wa maji kutoka bomba la kupulizia dawa ya mimea, ukielekezwa hewani juu ya slabu na si kwenye zege lenyewe, husaidia sana.

Hatua ya saba: kutunza

Kutunza huanza dakika ile fundi anapoinua mwiko mara ya mwisho, si kesho yake asubuhi. Funika kwa karatasi ya nailoni isiyo na matundu, ukiikandamiza pembeni kwa mbao ili upepo usipite chini yake. Zege likishashika, ondoa nailoni, tandaza magunia yaliyolowa, yamwagilie mara kwa mara yasikauke, kisha rudishia nailoni juu yake. Endelea hivyo kwa siku 7 mfululizo bila kuruka usiku wala sikukuu, na siku 10 ni bora zaidi. Silika hufanya sehemu kubwa ya kazi yake kati ya siku ya 3 na ya 28, na haifanyi kitu penye ukavu. Maji ya kumwagilia yawe ya bomba au ya kisima kisicho na chumvi. Nimeona watu wakichota maji ya bahari kwa ndoo kumwagilia zege waliloligharimia ili chumvi isipite.

Kuta na nguzo ziache ndani ya fomu muda mrefu kuliko ulivyozoea, angalau siku 3, na ukizifungua zivishe nailoni siku hiyo hiyo.

Hatua ya nane: kupima

Chukua kyubu za milimita 150 kutoka katika mizigo tofauti, si ule wa kwanza tu ambao kila mtu aliuangalia, na uzivunje siku ya 7 na ya 28. Nguvu ikitoka chini ilhali uzito wa kyubu ni mdogo, shuku hewa iliyobaki ndani au maji ya ziada. Ikitoka chini ilhali uzito ni sawa, vunja kipande na utazame ndani kwa kioo cha kukuza, uone kama kuna nukta za kijivu za vidonge visivyovunjika.

Lakini kwa kazi ya pwani nguvu si swali lenyewe. Iulize maabara kama inafanya kipimo cha ASTM C1202, ambacho hupitisha umeme katika kipande cha zege kwa saa 6 na kuhesabu kulombu, yaani vipimo vya chaji ya umeme, zilizopita. Zege la kawaida lenye maji mengi huweza kupitisha zaidi ya 4,000. Zege la silika lililotunzwa vizuri hushuka chini ya 1,000. Kama kyubu zimefaulu na kipimo hiki kimefeli, usiufunge mkataba wa kazi hiyo bila mhandisi kusema kwa maandishi ni kinga gani itaongezwa juu ya uso.

Usipolipata

Silika huagizwa kutoka nje, na kwa kazi ndogo bei na usafirishaji huweza kukatisha tamaa. Kilicho karibu zaidi nayo kwa tabia ni majivu ya pumba za mpunga, na pumba hazikosekani Kilombero, Mbeya wala Mwea. Sharti ni namna ya kuyachoma: moto udhibitiwe usizidi takriban nyuzi 700, ili silika iliyomo isigeuke fuwele, kisha majivu yasagwe kwenye kinu cha mipira ya chuma hadi yawe laini kama saruji. Majivu ya kijivu chepesi ni dalili njema, meusi sana yana kaboni nyingi itakayokunywa kilainishi chote, na yale yenye rangi ya waridi yaliyotoka katika tanuri la matofali yamepitiliza moto na hayafai. Hatua za kupima maji, kuchanganya na kutunza hubaki zile zile, ila majaribio ya hatua ya nne yafanywe upya kwa kila shehena ya majivu, kwa sababu hakuna matanuri mawili ya vijijini yanayochoma sawa.